Ratiba ya Lugha kwenye Friji

9 Februari

Mwanangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima, na mbele ya mashahidi wawili ambao ni mama yako na kinyozi wa mlango wa pili, natangaza rasmi kwamba paka wa karakana amejifungua watoto watatu ndani ya ile spika kubwa ya ukumbi wa harusi. Mama na watoto wanaendelea vizuri. Spika inaendelea vibaya. Mwenye spika bado hajaambiwa.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Sisi hatujambo. Mgongo wangu unalalamika, lakini nimeuzoea kama redio ya jirani. Mama yako mzima. Ndiye anayezipiga picha kurasa hizi kwa simu yake na kukutumia, kwa hiyo ukiona kidole gumba kimefunika mstari, mlaumu yeye. Nyinyi mnaendeleaje? Mkwe wangu mpima ardhi hajambo? Na mjukuu wangu Chiriku?

Namuuliza Chiriku kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumapili. Tulipopiga simu nilimwona kwenye kioo, kanenepa, kavaa fulana ya mistari. Nikamwambia, "Chiriku, mume mwenzangu, hujambo?" Hakujibu. Nikarudia. Akanitazama mdomo kama mtu anayesoma kibao cha duka lililofungwa. Nikasema labda ni usingizi. Ndipo nikakusikia wewe, nyuma yake, unamwambia kitu kwa lugha ya shule yake. Halikuwa neno moja, ilikuwa hotuba nzima. Kiswahili hakikuwemo hata cha kuombea maji.

Nilipompa jina la Chiriku alikuwa na siku tatu duniani na analia mfululizo. Nikasema huyu atakuwa na maneno. Sasa anakaribia miaka minne. Hayo maneno yako wapi? Au mmeyaficha?

Nieleze taratibu, maana bado sijakasirika. Nikikasirika nitakujulisha.

Baba yako


21 Februari

Baba,

Shikamoo. Na Mama shikamoo yake. Hapa tuko wazima, asante. Pole na spika.

Umesema hujakasirika, nikacheka, maana pale ulipoandika "hotuba" kalamu imetoboa karatasi. Hata kwenye picha tundu linaonekana.

Haya, taratibu. Unakumbuka alipozaliwa tulikubaliana kila mtu amsemeshe kwa lugha yake: mume wangu yake, mimi Kiswahili, na ya shule ataikuta shuleni. Mume wangu unamjua, hawezi kukubaliana na jambo bila kulichorea mistari. Akatengeneza ratiba, akaibandika kwenye mlango wa friji. Asubuhi rangi ya bluu, zamu yangu. Jioni kijani, zamu yake. Shule njano. Jumamosi mchana kulibaki kipande kimoja cheupe ambacho hakuna aliyejua ni cha nani, kwa hiyo saa hiyo tulikuwa hatuongei.

Tumefuata rangi hizo miaka yote hii. Mtoto ana maneno kumi na saba. Nimeyahesabu, lugha zote tatu pamoja, na moja kati yake ni mlio wa gari. Mwenzake wa jengo letu, mdogo kwake kwa miezi mitano, juzi kanisimamisha kwenye ngazi kunieleza kwa nini lifti imeharibika.

Mwalimu wake akatuita. Akatuketisha kwenye vile viti vya watoto, magoti yakatufika kidevuni, akasema lugha tatu zimemchanganya, kichwa chake kimekuwa soko, tupunguze. Akatuuliza tunapunguza ipi. Baba, pale mezani tulikuwa watu watatu na kila mmoja na lugha yake. Ya shule haiondoki. Ya mume wangu inaongewa na mama yake, dada zake na mtaa mzima wa kwao, na mtoto anakwenda huko kila mwezi. Kiswahili hapa kinaongewa na mimi. Ungekuwa wewe ungetoa ipi?

Kinachoniudhi ni kuulizwa kama mtu aliyeiba kitu akakificha chini ya godoro. Kutwa nasaga lenzi za miwani, nasimama masaa tisa, narudi na vumbi la vioo kwenye nyusi, halafu naambiwa nimeficha maneno. Macho yake nimeyapima mwenyewe dukani, mara mbili, nikidhani labda haoni vizuri ndiyo maana anatukodolea hivyo. Macho ni mazima kabisa.

Mwanao


2 Machi

Mwanangu,

Salamu. Sisi wazima. Kama nilivyoahidi kukujulisha: nimekasirika.

Wiki hii kaja mwalimu mstaafu na redio mkononi kama mtu aliyebeba mgonjwa. "Fundi, imekufa. Ifungue, nadhani ni mashine yote." Amezunguka nayo kwa mafundi wawili. Wote wameifungua, na mmoja kabadilisha kifaa ambacho hakikuwa na ugonjwa wowote. Mimi sikugusa hata bisibisi. Nilishika waya wake, nikaufuata kwa kidole mpaka mwisho. Umekatika karibu na plagi. Umeme ulikuwa haufiki. Nikamcheka mpaka akanuna.

Nakusimulia haya ujue wataalamu walivyo. Mbio zao ni kufungua na kung'oa. Huyo mwalimu wako kamfungua mwanao, kaona nyaya tatu, kasema ng'oa mmoja. Na wewe, binti wa fundi, ukampa koleo.

Ati kichwa kimekuwa soko. Watoto wa kinyozi hapa wanatukanana kwa lugha nne, na sijawahi kusikia wamechanganya tusi. Nani aliwapunguzia?

Halafu unaniambia Kiswahili kinaongewa na wewe. Mimi je? Mama yako je? Sisi tumekuwa nini, picha za ukutani? Mjukuu ninaye mmoja, na umeshasema huzai tena. Nikifa leo atakachokumbuka ni mzee anayefungua na kufunga mdomo. Sitaki. Nataka siku moja aniulize upuuzi nami nimjibu upuuzi. Simdai Mungu wala serikali kitu kingine zaidi ya hicho.

Kwa hiyo nimechukua hatua. Nimerekodi hadithi sita kwa sauti yangu, za kutunga mwenyewe. Ya kwanza ni ya kuku aliyeomba likizo. Mama yako atakutumia. Mwekee kila asubuhi, kwenye hiyo rangi yako ya bluu, na huyo mwalimu akiuliza mwambie aje karakana anieleze mimi.

Baba yako, mwenye hasira


30 Machi

Baba,

Shikamoo. Tumepona mafua, sote isipokuwa Chiriku. Huyu mafua kwake ni mpangaji, hayahami.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nifanye unavyotaka. Nilimwekea kuku wako. Siku ya kwanza aliichukua simu, akaibana shavuni, akaongeza sauti mpaka mwisho, mzee wa ghorofa ya juu akagonga sakafu kwa fimbo. Nilipopunguza, akaitupa. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu nikamuuliza, "Kuku aliomba nini?" Akanionyesha gari lake la kuchezea.

Mume wangu, kwa ule upole wake unaoudhi, akasema, "Unamlazimisha." Nikamwambia yeye ndiye anayelazimisha watu kwa kalamu za rangi. Tukagombana mbele ya friji, kila mtu kwa lugha yake, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Mtoto kakaa sakafuni katikati yetu anasukuma gari. Hata kichwa hakuinua. Nikaona: tumemchosha mpaka yeye hatujali tena. Siku hiyo nikasema basi. Sitamsemesha Kiswahili tena mpaka mwalimu aseme.

Sasa nisikilize, maana na mimi nimekasirika, na hasira yangu ni ya siku nyingi kuliko yako.

Unasema hutaki kuwa mzee anayefungua na kufunga mdomo. Bibi je? Mama yako mzazi aliishi nasi miaka sita, kwenye chumba cha nyuma, karibu na pipa la maji. Ulisema, na mimi nilikuwa mezani nakula, "Nyumba hii ina lugha moja. Sitaki wanangu waongee kama washamba." Bibi alikuwa hajui Kiswahili zaidi ya "asante" na "bado". Miaka sita nilimwona akifungua na kufunga mdomo. Kila jioni nilipompelekea maji ya kuoga alinishika kidevu akaniambia neno moja, lile lile. Nilikuuliza maana yake. Ukaniambia, "Hamna kitu, maneno ya wazee." Amekufa na neno lake. Naweza kulitamka mpaka leo, na sijui nililoambiwa.

Kwa hiyo usinifundishe uchungu wa kunyimwa mjukuu. Kung'oa nyaya nimejifunza kwako.

Mwanao


6 Aprili

Wewe binti,

Salamu sina.

Usimwingize mama yangu kwenye barua zako. Mama yangu nilimlisha, nikamvika, nikamuuguza kwa mikono hii, nikamzika. Nilichofanya nilikifanya ili wewe usichekwe na watu, na hukuchekwa. Ndiyo maana leo una ulimi wa kunijibu.

Endelea. Mlelee mumeo mtoto wake. Mkishamaliza kumng'oa Kiswahili mng'oeni na jina, maana Chiriku asiye na neno ni kichekesho. Na mwambieni babu yake alikufa. Itakuwa rahisi, hamtahitaji lugha ya kunielezea. Mjukuu bubu sikuomba.

Mama yako amekataa kuipiga picha barua hii. Nimepiga mwenyewe. Ukurasa ukiwa kichwa chini, ugeuze.

Baba yako, kama bado


3 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hatujambo, au tuseme mimi sijambo, maana habari za mama yako sina. Miezi miwili sasa simu zangu hupokei. Zake unapokea, najua, kwa sababu anatoka nje na simu na kwenda kukaa kwenye benchi la kinyozi, na akirudi nikimuuliza ananijibu, "Chakula kipo jikoni." Tangu Aprili anaongea nami mambo ya jikoni tu. Hata kinyozi amepunguza salamu.

Bado nimekasirika. Usidhani hii ni barua ya kuomba radhi. Kinachonikasirisha zaidi ni kwamba nimeisoma barua yako ya Machi mara nyingi nikitafuta mahali uliposema uongo, na sijapaona.

Nitakueleza kitu ambacho sijamweleza mtu. Nilipoanza kujifunza ufundi nilikuwa na miaka kumi na tano. Karakana ilikuwa na mafundi wanane. Siku ya kwanza mmoja akaniuliza koleo iko wapi, nikamjibu kwa lafudhi ya nyumbani. Walicheka mpaka mmoja akashika meza asianguke. Basi ikawa mchezo. Wananiita, wananiuliza vitu wasivyovihitaji, ili tu wanisikie. Mwaka mzima. Nikaacha kusema. Ufundi wa redio nimejifunza kwa kutazama mikono ya watu, kwa sababu kuuliza nilikuwa siwezi. Kiswahili changu nimekitoa kwenye redio zenyewe nilizokuwa natengeneza: nasikia neno, nalirudia kimyakimya na bisibisi mdomoni. Nikajiapiza mwanangu hatapita hapo.

Mama alipokuja kuishi nasi, ile lafudhi niliyoizika miaka ishirini ikaingia nyumbani na sanduku lake. Nikaogopa. Mtu mzima, nina karakana, nina mke, namwogopa mama yangu mzazi anapoomba chumvi. Sasa umejua.

Neno lenyewe nilikuwa nalijua. Lilikuwa na maana ya "umekula?" Ni hilo tu. Kila jioni alikuwa anakuuliza kama umekula, na hakuna aliyemjibu.

Kauli ya mjukuu bubu naifuta. Nyingine zinabaki mpaka nizifikirie.

Baba yako


14 Julai

Mwanangu,

Salamu. Watoto wa paka wamehama kwenye spika kwa hiari yao. Nimeisafisha, nimemrudishia mwenyewe, na anasema sasa inatoa sauti nzuri kuliko zamani. Nimepokea sifa hizo kwa niaba ya paka.

Leo mama yako ameniambia jambo la kwanza lisilo la jikoni. Alikuwa anachambua mchele, hakuniangalia. Kasema, "Siku ile ya simu, yule mtoto alikuwa anakutazama mdomo. Macho hakukutazama hata mara moja. Uliona?"

Nikamwambia niliona, hata kwenye barua niliandika.

Akasema, "Uliandika ukafanya mzaha."

Nikamuuliza anataka kusema nini. Akasema hajui, yeye si mtaalamu, wataalamu ndio sisi. Akaingia ndani na ungo wake. Nimebaki hapa nje na hasira ambayo sijui nimwelekezee nani.

Umekula?

Baba yako


8 Agosti

Baba,

Shikamoo.

Nimekula.

Niseme mapema ili usijipe moyo: bado nina hasira. Ya Bibi imekuwa mpya kabisa, kwa sababu zamani sikujua kwamba alikuwa ananiuliza kitu chenye jibu. Ningeweza kutikisa kichwa tu. Barua yako ya Juni juzi niliisoma tena kazini, nikaharibu lenzi za dereva wa basi, na sasa mtu huyo anaendesha abiria na miwani ya zamani mpaka Jumatatu. Kuhusu lile neno ulilomwita mwanangu, nimekuandikia majibu manne na nimeyachana yote. Umelifuta, sawa. Mimi bado nalisoma. Usidhani utasamehewa kwa barua moja, hata iwe na bisibisi mdomoni.

Mume wangu naye nimemkasirikia, yeye na mwalimu wa Chiriku. Ratiba nimeibandua. Imeacha mraba safi kwenye mlango wa friji, ndipo tukajua friji yetu kumbe ni nyeupe. Alisimama pale akiutazama huo mraba kama kiwanja alichopokonywa.

Sasa habari yenyewe. Wiki iliyopita walikuja wauguzi shuleni kuwapima watoto uzito na meno, na wazazi tukaambiwa tuwepo. Ilipofika zamu ya Chiriku, nikakumbuka maneno ya Mama. Yule muuguzi alikuwa mama wa makamo, mchovu, kavua kiatu kimoja chini ya meza. Nikamwambia, "Samahani, dada, huyu hutazama watu midomo." Sikujua hata ninauliza nini.

Hakuniuliza swali. Alivaa kiatu chake, akamwacha Chiriku anasukuma gari juu ya meza, akaenda kusimama nyuma yake. Akatoa kengele ndogo mfukoni, akaipiga. Mimi niligeuka. Mwalimu akageuka. Mtoto wa foleni ya pili, aliyekuwa anapimwa meno, akageuka na kijiti mdomoni. Chiriku aliendelea na gari. Muuguzi akasogea karibu zaidi, akaipiga tena.

Mwalimu akasema, "Ni kwa sababu ya lugha. Nyumbani kwao wanaongea tatu."

Muuguzi akamuuliza, "Na kengele ni lugha gani?"

Jana tulikwenda kwa daktari wa masikio. Mume wangu kaibeba ile ratiba, kaikunja vizuri kwenye mfuko wa shati, kwa sababu aliamini itaulizwa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda mahakamani: nani anasema nini, asubuhi au jioni, tangu lini, nani aliacha na kwa nini. Wewe ulikuwemo. Bibi alikuwemo. Njia nzima nilikuwa napanga nianze na yupi.

Daktari akachungulia sikio la kulia. Akachungulia la kushoto. Nikaanza, "Daktari, nyumbani kwetu sisi..."

Akasema haina haja. Kuna majimaji mazito ndani, yameganda kama gundi, pengine tangu alipokuwa hajatimiza mwaka. Alhamisi atawekewa vijibomba vya kuyatoa, kazi ya robo saa.

Masikio yalikuwa yameziba, Baba. Yote mawili.

Mwanao